Uzi: Baada ya upasuaji wa saratani ya tumbo, ni nini kinaamua mgonjwa ataishi muda gani?

Muuguzi wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Nafanya kazi wodi ya upasuaji, na swali ninaloulizwa na ndugu wa wagonjwa kuliko mengine yote ni hili: "Sista, uvimbe wameshautoa wote. Sasa ataishi miaka mingapi?" Swali hilo halijibiki kwa dakika mbili za korido. Ukilijibu harakaharaka, ama unampa mtu tumaini lisilo na msingi, ama unamkatisha tamaa bure. Ndiyo maana naliandika hapa kwa urefu.

Nianze na historia kidogo, kwa sababu inafundisha. Tarehe 29 Januari 1881, daktari Theodor Billroth alikata sehemu ya chini ya tumbo la mwanamke mmoja mjini Vienna, akaliunga upya, na mgonjwa akapona. Kabla yake Jules Péan wa Ufaransa alijaribu mwaka 1879 na Ludwik Rydygier mwaka 1880, na wote wawili walimpoteza mgonjwa ndani ya siku chache. Mgonjwa wa Billroth alipona kidonda na akaanza kula. Baada ya takriban miezi minne alifariki kwa saratani ileile, kwa kuwa ilikuwa imeshasambaa. Upasuaji ulifaulu, ugonjwa ukabaki. Mpaka leo hayo ni mambo mawili tofauti, na ndugu wengi huyachanganya.

Kwa hiyo neno "wameutoa wote" halitoshi. Jibu kubwa limo kwenye ripoti ya patholojia, ile karatasi inayotoka maabara siku kadhaa baada ya upasuaji, pale mtaalamu anapokuwa amekatakata kile kipande kilichotolewa na kukitazama kwa hadubini. Wagonjwa wengi hawajawahi kuiona. Iombeni, mpigwe nakala, mkae nayo nyumbani.

Ukiishika, tafuta kwanza herufi T. Ukuta wa tumbo la chakula una tabaka kadhaa, na T inaeleza saratani imechimba mpaka tabaka gani. T1 imeishia kwenye ngozi laini ya ndani na tabaka lililo chini yake tu. T2 imefika kwenye misuli. T3 imeivuka misuli lakini haijatoboa ule utando wa nje. T4 ama imeutoboa utando huo, ama imeingia kwenye kiungo cha jirani kama kongosho, ini au wengu. Wagonjwa wa Japani na Korea Kusini wanaopasuliwa saratani ikiwa bado T1, zaidi ya 9 kati ya 10 huwa hai miaka 5 baadaye. Ikishafika T4, hasa ikiwa na tezi nyingi zilizoathirika, picha inabadilika kabisa.

Kisha tafuta N, yaani tezi za limfu, ambazo wengine huziita mitoki. Hapa wanahesabu. Tezi 1 au 2 zenye saratani ni N1, 3 hadi 6 ni N2, 7 na kuendelea ni N3. Mkikaa na ripoti, macho yaende kwenye namba mbili zilizotenganishwa na mkwaju, kwa mfano 2/24. Maana yake walikagua tezi 24, wakakuta 2 zina saratani. Hiyo namba ya pili ina uzito mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Miongozo inataka zikaguliwe tezi zisizopungua 16. Ripoti ikisema 0/6, usishangilie sawasawa na mwenye 0/30, kwa sababu huenda zile zenye ugonjwa hazikutolewa au hazikutafutwa. Mgonjwa wa namna hiyo anaandikiwa hatua ya chini kuliko ugonjwa wake halisi, kisha familia inabaki kushangaa saratani imerudi vipi.

Halafu kuna R. R0 maana yake kingo za pale walipokata ni safi hata kwa hadubini. R1, macho hayakuona kitu lakini hadubini imekuta seli ukingoni. R2, kuna uvimbe unaoonekana uliobaki. Tofauti ya R0 na hizo nyingine mbili ni miongoni mwa vitu vinavyotabiri maisha ya mgonjwa kwa nguvu kabisa.

Yapo mengine: aina ya seli, eneo la uvimbe, lishe, kemo (dawa za kuua seli za saratani), mahali alipopasuliwa. Ulizeni, nitajibu nikitoka zamu.

Kitindamimba

Asante sana dada. Baba yetu amepasuliwa hivi karibuni, wameondoa sehemu ya chini ya tumbo. Daktari alitwambia kingo ni safi na hakuna kilichobaki. Sasa wanasema aanze kemo. Mzee amegoma. Anasema kama hakuna kilichobaki, wanataka kuua nini? Na mimi nimekosa la kumjibu.

Muuguzi wa Zamu

Kitindamimba, swali la mzee ni la akili kabisa, na anastahili jibu zima.

Kingo safi zinaeleza habari za pale kisu kilipopita. Haziwezi kusema lolote kuhusu seli chache zilizoponyoka miezi mingi kabla ya upasuaji, zikapita kwenye damu au kwenye limfu, zikatulia kwenye ini au kwenye utando unaofunika viungo vya ndani ya tumbo. Seli hizo hazionekani kwenye picha za CT wala kwa macho ya mpasuaji. Tunajua zipo kwa sababu ya yale yanayotokea baadaye: wagonjwa wengi ambao saratani huwarudia, inawarudia ndani ya miaka miwili au mitatu ya kwanza, na mara nyingi inajitokeza mbali na mshono.

Namba zipo. Uingereza walifanya utafiti ulioitwa MAGIC, ukachapishwa mwaka 2006. Wagonjwa 503 waligawanywa: kundi moja upasuaji peke yake, jingine upasuaji na kemo kabla na baada. Miaka 5 baadaye, waliokuwa hai kwenye kundi la kemo walikuwa asilimia 36, kwa wengine asilimia 23. Ujerumani wakaja na mchanganyiko mwingine wa dawa za kemo, FLOT, matokeo yakatoka mwaka 2019: nusu ya waliopewa FLOT waliishi zaidi ya miezi 50, wakati kwa mchanganyiko wa zamani ilikuwa miezi 35. Japani walijaribu vidonge vya kemo viitwavyo S-1 kwa mwaka mzima baada ya upasuaji, kwa wagonjwa wa hatua ya pili na ya tatu. Waliokuwa hai baada ya miaka 5 walikuwa asilimia 71.7, dhidi ya 61.1 kwa waliopasuliwa tu. Korea Kusini na China nao walipata faida ya namna hiyo kwa dawa mbili za kemo, kapesitabini pamoja na oksaliplatini.

Mwambie mzee hivi: kemo inafuata zile seli ambazo kisu hakikuweza kuzifikia. Na mwambie ukweli wa pili pia, kwamba kuna wagonjwa ambao wangepona hata bila kemo, na wengine ambao ugonjwa utarudi hata wakiipata. Hakuna anayeweza kumwonyesha mapema yumo kundi lipi. Anachopewa ni nafasi iliyo kubwa zaidi. Mtu mzima akielezwa hivyo waziwazi, mara nyingi anaamua vizuri mwenyewe.

Ukipata ripoti yake, weka hapa zile herufi tu. Usiweke jina wala namba ya faili.

Mdadisi

Mimi nitasema wanachosema wengi. Saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Namjua mtu alikuwa anatembea, anakula, amepasuliwa tu, miezi michache akaondoka. Bora kuiacha.

Muuguzi wa Zamu

Mdadisi, pole kwa huyo mtu wako. Siwezi kukubaliana na hitimisho lako, ila naelewa limetoka wapi.

Saratani ya tumbo huwa kimya kwa muda mrefu. Kiungulia, kushiba haraka, kupungua uzito kidogo kidogo, mtu anameza dawa za vidonda vya tumbo mwaka mzima. Akifika kwa daktari, wengi wao ugonjwa umeshatoka nje ya tumbo. Akipasuliwa katika hali hiyo, anafariki kwa ugonjwa uliokuwa umeshasambaa tangu mwanzo, na familia inaona kisu ndicho kilichofuatiwa na kifo.

Hata hivyo kuna kitu cha kweli jirani na hayo unayosema: si kila mgonjwa anayepaswa kupasuliwa. Utafiti wa REGATTA, uliofanyika Japani, Korea Kusini na Singapore na kuchapishwa mwaka 2016, ulichukua wagonjwa ambao saratani ilikuwa imeshasambaa sehemu moja nje ya tumbo. Wengine walikatwa tumbo kisha wakapewa kemo, wengine kemo peke yake. Waliokatwa hawakuishi zaidi. Ndiyo maana kwenye vituo vizuri, kabla ya upasuaji mkubwa wa uvimbe uliochimba ndani, wanapitisha kwanza kamera kupitia tundu dogo la tumbo. Wanatazama ule utando unaofunika viungo na uso wa ini, wanamwaga maji safi kidogo, wanayavuta na kuyapeleka maabara. Maji yakikutwa na seli za saratani, hata kama macho hayakuona kitu, huo unahesabiwa kuwa ugonjwa uliosambaa, na mpango wote wa tiba unabadilika. Kipimo hicho kinawaokoa watu na upasuaji usio na faida.

Kwa mwenye ugonjwa ambao bado umo tumboni na kwenye tezi za karibu, kuuacha ni kuuachia uendelee. Kwa huyo upasuaji ndio msingi wa kupona, na sioni njia ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Kalamu Nyeusi

Uzi mzito huu. Swali langu ni la mpasuaji mwenyewe. Je, inaleta tofauti nani anakata na anakata kiasi gani? Nimesoma kuna D1 na D2, sijaelewa. Na upasuaji wa matundu madogo ni mbaya kuliko wa kufungua?

Muuguzi wa Zamu

Inaleta tofauti, mkuu.

D1 ni kutoa tumbo pamoja na tezi zilizoshikana nalo. D2 ni kuendelea mpaka tezi zinazofuata mishipa mikubwa ya damu inayolisha tumbo, ini na wengu. Wajapani walikuwa wakifanya D2 miaka mingi huku Ulaya wakibishana. Uholanzi wakaamua kupima kwa utafiti wa wagonjwa 711. Matokeo ya kwanza yaliwakatisha tamaa: waliofariki kutokana na upasuaji wenyewe walikuwa asilimia 10 kwa D2 na asilimia 4 kwa D1, na mwanzoni faida ya kuishi haikuonekana. Ila hawakufunga daftari. Waliwafuatilia wagonjwa wale miaka 15, na mwaka 2010 wakaonyesha kwamba waliofariki kwa saratani ya tumbo walikuwa asilimia 37 kwa D2, dhidi ya 48 kwa D1. D2 ilikuwa inazuia ugonjwa kurudi, lakini faida yake ililiwa na vifo vya mwanzoni, na sehemu kubwa ya madhara ilihusishwa na kutoa wengu na mkia wa kongosho bila sababu ya lazima. Siku hizi D2 inafanyika viungo hivyo vikiachwa mahali pake. Kwenda mbali zaidi ya hapo, mpaka tezi za kuzunguka mshipa mkuu wa damu, Wajapani walijaribu, na matokeo ya mwaka 2008 hayakuonyesha faida ya kuifanya iwe tiba ya kawaida.

Hapo ndipo mkono wa mpasuaji unapoingia. D2 salama inataka mtu anayeifanya mara kwa mara, na hospitali yenye timu inayojua kuyatambua matatizo mapema. Tatizo tunaloliogopa kuliko yote wodini ni mshono wa ndani kuvuja: mgonjwa aliyekuwa anaendelea vizuri anaanza homa, mapigo yanaenda mbio, tumbo linauma upya. Akiokolewa, bado madhara yanaendelea mbele. Wenye matatizo makubwa baada ya upasuaji huwa na maisha mafupi zaidi kwa wastani hata miaka kadhaa baadaye. Sababu moja iko wazi, kemo inachelewa au haianzi kabisa.

Kuhusu matundu madogo: tafiti kubwa za Korea Kusini na China zimeonyesha kwamba kwa saratani ya sehemu ya chini ya tumbo, mikononi mwa wazoefu, maisha ya mgonjwa ni sawa na ya upasuaji wa kufungua. Usimkatae daktari mzuri kwa sababu tu anatumia njia moja na si nyingine. Na usidhani kutoa tumbo lote ni bora kuliko kutoa sehemu. Uvimbe ukiwa chini na kingo zikipatikana safi, kubakiza sehemu ya juu kunampa mgonjwa miaka ileile na ulaji ulio bora zaidi. Muulize mpasuaji wako anafanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka. Hilo ni swali la kawaida na halimvunjii heshima.

Shangazi Mkubwa

Mwanangu nikuongezee upande wa nyumbani, maana nimemwuguza mdogo wangu aliyetolewa tumbo lote. Hakuna aliyetuandaa kwa suala la kula. Alirudi nyumbani tukampikia kwa furaha, tukamjazia sahani. Nusu saa haikupita, jasho likamtoka mpaka nguo ikalowa, moyo unamdunda, anatetemeka, anataka kulala chini sakafuni. Tulidhani anakufa. Siku nyingine anakula vizuri, baada ya saa mbili anapata kizunguzungu na njaa ya ghafla. Akaanza kuogopa chakula chenyewe. Uzito ukaporomoka mpaka wakasogeza kemo mbele. Mtaalamu wa lishe ndiye aliyetuokoa. Kidogo kidogo, mara sita au saba kwa siku, maji yasinywewe pamoja na chakula, sukari ipunguzwe. Leo anatembea mwenyewe kwenda kliniki.

Muuguzi wa Zamu

Shangazi, shikamoo, na asante. Umeeleza vizuri kuliko vitabu vyetu.

Ngoja nieleze kilichokuwa kinamtokea, kwa faida ya wengine. Tumbo ni ghala. Linakipokea chakula, linakisaga, na kukitoa kidogo kidogo kwenda kwenye utumbo. Likiondolewa, chakula kinamiminika chote kwa mkupuo. Kikiwa na sukari nyingi, kinavuta maji kutoka kwenye damu kuingia utumboni, ndiyo ile jasho na moyo kwenda mbio dakika 10 hadi 30 baada ya kula. Hali ya pili, ya saa 1 hadi 3 baadaye, ni sukari ya damu kushuka, kwa sababu mwili umemwaga insulini nyingi kujibu ile sukari iliyoingia ghafla. Hakuna kati ya hizo inayomaanisha saratani imerudi. Mgonjwa alale kidogo, mlo ujao uwe mdogo, uwe na protini na mafuta kiasi, uwe na sukari kidogo.

Na hapa ndipo palipo na kitu ambacho familia inaweza kukibadilisha. Hatua ya ugonjwa huwezi kuibadilisha, ilikuja ilivyokuja. Lishe unaweza. Aliyeingia chumba cha upasuaji akiwa amekonda, protini ya damu iko chini na misuli imekwisha, anapata matatizo zaidi na anaishi muda mfupi zaidi kuliko mwenzake wa hatua ileile mwenye nguvu. Baada ya upasuaji ni vivyo hivyo. Kwenye ule utafiti wa MAGIC, chini ya nusu ya wagonjwa ndio waliomaliza mizunguko yote ya kemo. Mara nyingi kinachowashinda ni mwili uliochoka na usiokula, mizunguko ya baada ya upasuaji ikiwa ndiyo migumu zaidi.

Jambo jingine linalosahaulika ni vitamini B12. Ili ifyonzwe inahitaji kitu kinachotengenezwa na ukuta wa tumbo. Tumbo lote likitolewa, kitu hicho hakipo tena, hata ale maini kila siku. Ini lina akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu unakuja kimyakimya: ganzi miguuni, ulimi kuwaka, damu kupungua, kusahausahau. Aliyetolewa tumbo lote anahitaji B12 maisha yake yote, kwa kawaida kwa sindano. Madini ya chuma, kalisi na vitamini D navyo vipimwe.

Njiwa

Mimi ndiye mgonjwa. Ripoti yangu inasema "aina ya kusambaa, seli za pete". Nimesoma mtandaoni kwamba hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Nina watoto wawili wakubwa. Nieleze tu bila kunificha.

Muuguzi wa Zamu

Njiwa, nakujibu bila kuficha.

Mwaka 1965 mtaalamu wa Finland, Pekka Laurén, aligawa saratani hii makundi mawili makubwa. Moja seli zake zimejipanga kwa mafundo yanayofanana na ukuta wa utumbo. Jingine seli zimetawanyika mojamoja, hazishikani, na ndilo lako. Seli za pete zinaitwa hivyo kwa sababu ute uliojaa ndani unakisukuma kiini pembeni, hivyo seli inaonekana kama pete yenye kito. Ni kweli kwa ujumla kundi hili lina matokeo mabaya zaidi, kwa sababu linapenda kupita chini kwa chini ndani ya ukuta wa tumbo na kufika kwenye ule utando unaofunika viungo vya ndani. Likikamata tumbo zima mpaka likakakamaa, hilo ndilo gumu zaidi.

Lakini kile ulichosoma kimeruka jambo muhimu: hatua inatangulia aina. Seli za pete zilizokamatwa zikiwa T1, bila tezi iliyoathirika, zina matokeo mazuri sana. Kwa hiyo kabla ya kujihukumu, tazama T yako na N yako.

Suala la watoto ni la haki. Wagonjwa wengi hawakurithi. Ila kuna familia chache zenye hitilafu kwenye jeni iitwayo CDH1. Hitilafu hiyo iligunduliwa mwaka 1998 kwa ukoo mmoja wa Wamaori, New Zealand, ambao watu wake walikuwa wakifariki wangali vijana kwa saratani ya namna hii. Kama wewe umeugua ukiwa bado kijana, au ndugu wa damu walipata saratani ya tumbo, au wanawake wa ukoo wamepata saratani ya matiti ya aina ya vijilobi (inayoanzia kwenye tezi za maziwa), omba kuonana na mtaalamu wa jeni. Kama hakuna lolote kati ya hayo, usiwabebeshe watoto hofu. Wapimwe tu H. pylori, bakteria wanaoishi tumboni, na watibiwe wakikutwa nao. Shirika la utafiti wa saratani la IARC liliwaweka bakteria hao kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu mwaka 1994.

Nakuomba pia uulize kama kile kipande kimepimwa HER2 (protini iliyo juu ya seli za saratani) na kitu kinachoitwa MSI (dalili kwamba seli zimeshindwa kurekebisha makosa ya DNA yake). Wenye MSI ya juu ni wachache, ni nadra zaidi kwenye aina yako, lakini kwa wastani huishi vizuri zaidi baada ya upasuaji, na tafiti zimeonyesha kwamba kemo ya kawaida huenda isiwasaidie. Ni kipimo kinachobadilisha uamuzi. Mwaka 2025 utafiti wa MATTERHORN nao ulionyesha kwamba kuongeza durvalumabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani, kwenye FLOT kunachelewesha ugonjwa kurudi. Mwulize daktari wako kama mambo hayo yanakuhusu.

Na zile asilimia za miaka 5 zinahesabu kundi la watu, wengi wao walitibiwa miaka mingi nyuma. Kila mwaka unaopita bila ugonjwa kurudi, nafasi yako inakuwa kubwa kuliko ilivyoandikwa siku ya kwanza. Niandikie faragha ukitaka, usiku nipo.

Njiwa

T2, N0, tezi 31. Sikuwa najua hizo herufi zina maana. Nimekaa na hii karatasi miezi mingi kwenye droo.

Muuguzi wa Zamu

Njiwa, N0 kwa tezi 31 ni habari njema kweli, na si faraja ya mdomoni. Ipeleke kwa daktari wako, mwombe akuonyeshe hatua yako kwa maandishi.

Mdadisi

Nimesoma yote, narudi na swali la heshima. Bibi yetu ana miaka 78. Uvimbe uko juu, karibu na umio, ule mrija wa chakula. Umri huo bado inafaa?

Muuguzi wa Zamu

Umri peke yake haumzuii. Kinachoangaliwa ni moyo, mapafu, figo, na kama anajiendesha mwenyewe: anapanda ngazi, anajiogesha, anakula. Nimeona wenye miaka 80 wakitoka wodini kwa miguu yao, na wa miaka 50 wanaovuta sigara wakikwama na nimonia. Kama bibi anavuta, aache sasa hivi, kila wiki kabla ya upasuaji ina faida. Uvimbe wa juu kwa wastani una matokeo mabaya kuliko wa chini, mara nyingi huchelewa kugunduliwa na huhitaji upasuaji mkubwa zaidi. Kama madaktari wataona hauwezi, kuna njia nyingine za kumfanya ale bila maumivu, na hiyo nayo ni tiba. Na bibi mwenyewe aulizwe anataka nini. Mara nyingi wajukuu wanajadiliana juu ya kichwa chake.

Kitindamimba

Dada, ripoti ya baba nimeipata: T3, N1, 2/24, M0, R0, aina ya utumbo, saratani imeonekana ndani ya mishipa midogo. Hakupewa kemo kabla. Mzee nimemsomea maelezo yako, amesema ataenda kuonana na daktari wa kemo, ila hajaahidi zaidi ya hapo.

Muuguzi wa Zamu

Amefanya vizuri, msimsukume. Nakusomea.

T3 na N1 bila kusambaa mbali (ndiyo maana ya M0) ni hatua ya pili, IIB. Tezi 24 zinatosha, kwa hiyo hatua hiyo inaaminika. R0 ni nzuri, na aina ya utumbo ni afadhali kuliko ile nyingine. Yanayotia wasiwasi ni zile tezi mbili na saratani kuwemo ndani ya mishipa midogo, maana hizo ndizo njia za kuponyokea. Mgonjwa wa namna yake ndiye hasa aliyekuwa kwenye zile tafiti za Japani na Korea, na faida ya kemo kwake ni ya kweli.

Kemo ya baada ya upasuaji kwa kawaida inaanza ndani ya wiki 6 hadi 8, kwa hiyo msiache miadi ipite. Mkienda, ulizeni MSI imepimwa au bado. Kliniki za miaka miwili ya mwanzo huwa kila miezi 3 hadi 6, na hizo zisirukwe hata akijisikia mzima. Mpimeni uzito siku ileile kila wiki, asubuhi, kwa mizani ileile, mwandike kwenye daftari mnalokwenda nalo. Ukianza kushuka, aonane na mtaalamu wa lishe kabla ya mzunguko unaofuata wa kemo, wasingoje mpaka ashindwe.